Kujifunza Filamu kwa Simu Moja na Watu Watano

Alfajiri, mitumbwi ya wavuvi wa usipa inaporejea ufukweni Mwaya, mara nyingi huwapo kijana aliyeinua simu yake juu na kurekodi. Video hiyo hutumwa kwa marafiki, hutazamwa siku moja au mbili, kisha hufutwa ili simu ipate nafasi. Haina mwanzo wala mwisho. Sauti yake ni upepo mtupu. Mtu aliyeko Dodoma akiitazama hawezi kujua kama ameona Mwaya, Matema au ufukwe wa upande wa Malawi, wala hawezi kujua kama usiku huo wavuvi walipata au walikosa.

Kati ya video hiyo na filamu kuna umbali, lakini umbali huo hausababishwi na simu. Simu janja ya kawaida iliyomo mikononi mwa vijana wengi wa kata hii inarekodi picha safi kuliko kamera nyingi zilizotumika kutengeneza filamu za Kitanzania miaka ya mwanzo ya 2000. Kinachokosekana ni ujuzi, na ujuzi huo una njia fupi ya kuupata: watu wachache wakae pamoja, watengeneze video ya dakika tatu, waimalize, waionyeshe, kisha waanze nyingine. Makala haya yanaeleza namna kazi hiyo inavyofanyika, mambo yanayoikwamisha, na ofisi ambazo kikundi kinapaswa kuzipitia.

Kwa nini video fupi

Tanzania ina vyuo vya fani hii. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa, ni mojawapo. Anayeweza kwenda na aende. Lakini hata huko mwanafunzi hapewi filamu ya saa mbili siku ya kwanza. Hupewa zoezi dogo pamoja na wenzake, na zoezi hilo huonyeshwa mbele ya darasa na kukosolewa. Maisha Film Lab, iliyoanzishwa na Mira Nair mwaka 2004 na kuwafundisha vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda, nayo ilishika njia ya kutengeneza filamu fupi kwa pamoja.

Mwongozaji Mtanzania Amil Shivji, ambaye filamu yake Vuta N'Kuvute ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, Kanada, mwaka 2021, alitanguliza filamu fupi: Shoeshine mwaka 2013 na Samaki Mchangani mwaka 2014. Filamu fupi humpa mtengenezaji nafasi ya kukosea bila kufilisika. Aliyekosea katika dakika tatu amepoteza wiki mbili. Aliyekosea katika saa mbili amepoteza mwaka, na huenda amepoteza pia marafiki waliomkopesha fedha.

Kwa nini pamoja

Ipo sababu ya wazi ya kufanya kazi hii kwa kikundi: mtu mmoja hawezi kushika simu, kusikiliza sauti, kumhoji mzee na kuwazuia watoto wasipite mbele ya kamera, yote kwa wakati mmoja. Ipo pia sababu nyingine iliyo nzito zaidi, nayo inahusu nani anayeamua kitakachoonekana.

Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ulifanyika mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika wa Afrika Mashariki na Kati, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35, kuhusu kilimo, afya, kodi, akiba ya posta na mengine ya namna hiyo, na zikazungushwa kwa gari la sinema. Waafrika waliigiza na kusaidia kazi. Hadithi, hata hivyo, iliamuliwa na Waingereza waliouongoza mradi, kwa kufuata walichodhani mwanakijiji anapaswa kufundishwa. Mtazamaji alijiona kwenye pazia akiwa mjinga au mwerevu kwa kadiri mtu mwingine alivyopenda.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1967, jambo tofauti lilifanyika katika kisiwa cha wavuvi kiitwacho Fogo, mashariki mwa Kanada. Uvuvi ulikuwa umedorora na serikali ilikuwa na mpango wa kuwahamisha watu wa vijiji vidogo vya pwani. Mwongozaji Colin Low wa shirika la filamu la taifa hilo, akishirikiana na Donald Snowden wa Chuo Kikuu cha Memorial, alirekodi filamu fupi zaidi ya 20 za wakazi wakieleza hali yao. Kabla filamu hizo hazijapelekwa kwa wakubwa zilionyeshwa kwanza kwa wakazi wenyewe, kijiji hiki kikaona maneno ya kijiji kile, na mtu aliyerekodiwa alikuwa na haki ya kusema kipande fulani kiondolewe. Ndipo zilipopelekwa serikalini, na waziri wa uvuvi akajibu kwa kurekodiwa vilevile. Wakazi wa Fogo walibaki kisiwani kwao na wakaunda ushirika wa kujenga mashua. Haitakuwa kweli kudai kwamba filamu peke yake iliwaokoa. Ilichofanya ni kuwawezesha watu wa kisiwa kimoja, wasiokuwa na mazoea ya kukutana, kugundua kwamba shida yao ni moja.

Mkazi wa ufukwe wa Ziwa Nyasa hahitaji kuelezwa zaidi kwa nini habari ya wavuvi wa Fogo inamhusu.

Kugawana kazi

Watu watano wanatosha. Mmoja ni mwongozaji: yeye huamua nini kirekodiwe na kwa mpangilio gani. Wa pili hushika kamera, yaani simu. Wa tatu husimamia sauti, akiwa na simu ya pili na spika za masikioni. Wa nne ni mhoji, na ndiye anayezungumza na watu kabla na baada ya kurekodi. Wa tano hutunza daftari: klipu ya ngapi, imerekodiwa wapi, saa ngapi, ni nzuri au mbovu. Kazi ya daftari hudharauliwa na kila kikundi kipya, na kila kikundi huijutia dharau hiyo siku ya kuhariri.

Katika video ya pili watu hawa hubadilishana nafasi, na katika ya tatu hubadilishana tena. Hili lisiachwe kwa hiari. Bila kanuni, simu hubaki kwa mwenye simu, na mara nyingi wasichana huishia kuwa waigizaji au wapika chai wakati wavulana wanajifunza kamera na uhariri. Baada ya video tano, kila mmoja awe ameongoza, ameshika kamera, ameshika sauti, amehoji na ameandika. Mwongozaji aliyewahi kuhangaika na sauti hawezi tena kumsimamisha mhojiwa kando ya mashine ya kukoboa mpunga.

Kabla ya kurekodi chochote, kikundi kiandike makubaliano ya ukurasa mmoja na wote watie saini. Yajibu maswali yanayovunja vikundi: video ni mali ya nani; majina yataandikwaje mwishoni; fedha ikipatikana itagawanywaje; simu ikianguka ziwani au kwenye matope nani atalipa; mwanakikundi akiondoka, picha alizorekodi zinabaki kwa nani. Vijana wengi huona aibu kuandikiana wakiwa marafiki. Kuandikiana ni rahisi wakati bado ni marafiki.

Mfano wa kakao

Chukua mfano wa kikundi kinachotaka kutengeneza video kuhusu kakao. "Kakao" peke yake si mada ya dakika tatu. Mada ni swali linaloweza kujibiwa kwa picha, kwa mfano: mkulima anapata nini anapovundika kakao yake badala ya kuiuza mbichi kwa mtindo wa njemke? Swali hilo si dogo Kyela. Mwaka 2024 bei ya kakao katika masoko ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana. Mkulima aliyeuza mbichi shambani kwa haraka ya ada ya shule na yule aliyevundika, akakausha na kupeleka mzigo wake ghalani kupitia AMCOS hawakuifaidi bei hiyo sawasawa.

Dakika tatu ni sekunde 180. Kila picha ikikaa sekunde sita, video nzima ina picha 30 tu. Hesabu hiyo hukishangaza kikundi, na ni vizuri kiifanye mapema, kwa kuwa ndiyo inayokilazimisha kuchagua.

Video ya kwanza ya kikundi kipya huwa na kasoro ileile: mtu amesimama mbele ya mkakao, anaeleza, anaeleza, anaendelea kueleza. Maneno hayo yangetosha kwa redio. Filamu inataka mtazamaji aone jambo likitendeka. Ganda linapasuliwa na punje nyeupe zenye utelezi zinatoka. Punje zinarundikwa na kufunikwa kwa majani ya mgomba. Siku ya pili au ya tatu jani linafunuliwa na mvuke unapanda, kwa kuwa joto ndani ya rundo hufika nyuzi 45 hadi 50. Mkono wa mkulima unaingia na kutoka haraka, na mtazamaji anaelewa joto hilo bila kuambiwa. Rundo linageuzwa. Maji yanachuruzika. Baada ya siku tano hadi saba punje zinaanikwa juani, na hapo huchukua takribani wiki nyingine hadi unyevu ushuke kufikia asilimia saba au nane.

Kisha ije picha ambayo video yote ilikuwa ikiielekea: punje mbili zimekatwa kwa kisu, zimewekwa kando kwa kando kwenye kiganja, na kamera imesogea karibu. Iliyovundikwa vizuri ni ya kahawia na ina nyufa ndani. Ile ambayo haikuiva vizuri ina zambarau, na ambayo haikuvundikwa kabisa ni ya kijivu na imeshikamana. Mnunuzi anayapima mambo hayo kwa macho yaleyale. Picha hiyo moja ina thamani kuliko dakika nzima ya maelezo.

Kazi hii haimaliziki kwa siku moja. Uvundikaji na uanikaji huchukua karibu siku 14, hivyo kikundi kinapaswa kurudi kwenye rundo lilelile, kwa mkulima yuleyule, karibu kila siku, na ikiwezekana saa ileile ili mwanga usibadilike. Mkulima avae nguo ileile katika picha zitakazounganishwa kana kwamba zilifuatana. Hapa ndipo daftari la mtu wa tano linapolipa: bila hilo, siku ya 9 hakuna atakayekumbuka kama rundo lilirekodiwa kutoka upande wa nyumba au upande wa shamba.

Kila picha ichukuliwe mara tatu: ya mbali inayoonyesha mahali, ya kati inayoonyesha mtu na kazi yake, ya karibu inayoonyesha mikono au kitu chenyewe. Simu ilazwe, isisimamishwe, ikiwa video itaonyeshwa kwenye pazia au runinga. Mshika kamera atulie sekunde kumi kabla ya kuhama. Asiipeleke simu huku na huku kana kwamba anafagia. Kama hakuna stendi ya miguu mitatu, gunia dogo la mchanga juu ya kigoda linatosha, na mchanga Mwaya haununuliwi.

Kabla ya kuhariri, Afisa Ugani wa kata aombwe kusikiliza maelezo yaliyomo. Video yenye kosa la kitaalamu ikishasambaa kwenye simu za wakulima hairudishwi.

Sauti na mwanga wa ufukweni

Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo. Sauti mbovu haivumilii, huacha kutazama. Na Mwaya ni mahali pagumu kwa sauti. Upepo kutoka ziwani hupiga kipaza sauti cha simu na kutoa mngurumo unaofunika maneno yote. Mvua kwenye bati humaliza mahojiano papo hapo, na Kyela ina mvua nyingi. Pikipiki, jogoo na mashine za kukoboa nazo zipo.

Dawa yake haina gharama kubwa. Simu ya pili iwekwe katika mfuko wa shati wa mhojiwa, ikirekodi sauti tu, huku kipaza sauti kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa chepesi. Mwanzoni mwa kila klipu mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri, mlio wa kofi katika simu zote mbili hulinganishwa na sauti inakaa mahali pake. Mahojiano yafanyike nyuma ya ukuta au ndani ya migomba inayokinga upepo. Kila mara irekodiwe dakika moja ya majaribio na isikilizwe kwa spika za masikioni kabla mzee hajaanza kusimulia. Simu zote ziwekwe katika hali ya ndege, vinginevyo shangazi atapiga katikati ya maneno mazuri kuliko yote.

Kuhusu mwanga, jua la Mwaya huchomoza nyuma ya milima ya Livingstone, kwa hiyo mwanga laini wa asubuhi unadumu kwa muda mzuri. Jua la mchana ndani ya shamba la kakao huleta madoa ya weupe na weusi usoni. Kosa la kawaida zaidi ni kumsimamisha mtu akiwa amelipa ziwa mgongo kwa sababu mandhari inapendeza: simu hujipima kwa mwanga wa maji na anga, na uso wa mtu unakuwa mweusi usiotambulika. Mhojiwa alielekee ziwa, au akae kivulini, na mshika kamera abonyeze uso wake kwenye kioo na kushikilia mpaka mwanga ufungwe hapo. Vichujio vya kupendezesha ngozi vizimwe. Havina kazi kwenye kakao.

Mzee anapohojiwa aachiwe lugha anayoimudu. Kijana anayemwendea bibi au babu wa Kinyakyusa akamsalimu "Mugonile" na kumwacha asimulie kwa Kinyakyusa atapata maneno ambayo Kiswahili cha kulazimishwa kisingeyatoa. Manukuu ya Kiswahili yataandikwa chini ya picha baadaye, na mwanakikundi anayejua vizuri lugha zote mbili ndiye ayaandike, kisha mwingine ayahakiki.

Kuhariri

Video ya ubora wa 1080 hula kati ya MB 60 na 130 kwa dakika, kutegemea simu. Kikundi kilichorekodi saa moja kina mzigo wa GB nne hadi nane, hivyo kadi ya kumbukumbu ya GB 32 ni kifaa cha lazima, na nakala ya pili ihifadhiwe kwenye simu au kompyuta ya mtu mwingine, nyumba nyingine. Klipu asilia zisipitishwe kwenye WhatsApp kama video za kawaida, kwa kuwa hupunguzwa ubora.

Uhariri uanze kwa karatasi. Kila klipu nzuri iandikwe kwenye kipande chake, vipande vitandazwe mezani, na watano wote wavipange na kuvipangua mpaka hadithi isimame. Hapo ndipo ubishi ufanyike, kwa kuwa kuhamisha karatasi hakuli chaji. Programu za simu kama CapCut na KineMaster zinatosha kwa kuanzia; mwenye kompyuta yenye nguvu anaweza kutumia DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure. Mhariri akate bila huruma. Klipu iliyowagharimu kutembea saa mbili kwenye matope bado inaweza kuwa haina kazi.

Muziki wa wasanii wanaojulikana una wenyewe, na haki zao zinalindwa na sheria kupitia Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Njia nyepesi ni kurekodi ngoma au kwaya ya jirani kwa ridhaa yao, na kuandika majina yao mwishoni mwa video.

Waone kwanza wenyewe

Kabla video haijawekwa mtandaoni, waitwe waliomo. Shuka jeupe ukutani na projekta ya kuazima vinatosha; vikikosekana, hata runinga ya jirani inafaa. Mtu akisema "kile kipande kitolewe", kitolewe. Kikundi kinachofanya hivyo hakitakosa wa kumhoji katika video inayofuata, maana habari husafiri haraka vijijini. Mwenye daftari aandike watu walipocheka, walipoguna, na walipoanza kuzungumza mambo mengine. Mahali walipoanza kuzungumza mambo mengine ndipo video ilipokuwa ndefu mno.

Ridhaa hii si adabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mtu dhidi ya matumizi ya taarifa zake pasipo ridhaa, na sura ya mtu inamtambulisha. Mtoto asirekodiwe bila idhini ya mzazi au mlezi. Wagonjwa katika zahanati na kituo cha afya wasirekodiwe kabisa kwa mazoezi. Bandarini Itungi na Kiwira, mpakani Kasumulu, na katika majengo ya serikali, ruhusa iombwe kwa wahusika kwanza. Ndege isiyo na rubani inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa video ya dakika tatu haihitajiki.

Utengenezaji na maonyesho ya filamu hadharani yanasimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya mwaka 1976, chini ya Bodi ya Filamu Tanzania. Kikundi kinachotaka kutoka kwenye mazoezi na kuanza kuonyesha au kuuza kazi zake kimwone Afisa Utamaduni wa Halmashauri kabla ya kutangaza onyesho. Kukamatwa na mtambo njiani ni hasara inayoepukika kwa safari moja ya Kyela mjini.

Ofisi za kupitia

Kijijini, Mtendaji wa Kijiji ajulishwe tarehe na mahali pa kurekodi ili vijana wenye kamera wasizue maswali. Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata ndiye anayeelekeza vikundi namna ya kusajiliwa, na ndiye mlango wa mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha video kinaweza kuomba kama kikundi kingine chochote cha uzalishaji, lakini kitaulizwa kitarejesha vipi. Harusi, mahafali na matangazo ya wafanyabiashara ni majibu ya kweli. "Tutakuwa maarufu" si jibu. Inafaa kuomba kikiwa tayari na video tatu au nne zilizokamilika. Zinamshawishi msikilizaji kuliko andiko refu.

Mada hazitakwisha. Mbasa wanaopanda mito kwenda kuzaa, na sababu ya kutowavua wakiwa safarini. Vyungu vya akina mama wa Kikisi wa Ikombe, kutoka udongo hadi mnada wa Jumamosi pale Lyulilo. Foleni ya maji kwenye bomba moja, ikirekodiwa tangu ndoo ya kwanza hadi ya mwisho, ambayo inaweza kuonyeshwa katika mkutano wa kijiji mbele ya diwani.

Kikundi kinachofikiria mafuriko kinapaswa kuanza kabla ya mvua za Machi, wakati ardhi imekauka. Kichague sehemu nne au tano ambazo wazee wanakumbuka maji yalifika, kwa mfano ukuta wa darasa, shina la mwembe au nguzo ya daraja, kisha kirekodi kila sehemu kwa dakika moja huku mzee akionyesha kwa mkono kimo cha maji. Daftari liandike simu ilisimama wapi, hatua ngapi kutoka kwenye ukuta, ikielekea wapi. Mwezi Aprili maji yakija, kikundi kikiwa mahali salama kirekodi sehemu ilezile, na picha mbili ziwekwe moja kando ya nyingine.